Boriti za Rufiji Zimesahauliwa

Mwandishi anayedai wilaya ya Kibiti haina historia kwa kuwa haina magofu amekosea. Huko Unguja, kampasi ya Nkrumah ya Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar (SUZA), Beit el Ras, ina mabaki ya kasri la Sultani Sayyid Said, lililokuwa halijakamilika alipofariki mwaka 1856. Sawa, tuyaenzi. Lakini dari za nyumba za mawe za Unguja zilishikwa na nini? Boriti za mikoko, na delta ya Rufiji, iliyomo Kibiti, ilikuwa chimbuko lake kubwa. Urefu wa boriti ndio ulioamua upana wa chumba, mita 3 hivi! Waliozikata matopeni na kuzipakia majahazini hawatajwi. Na huko Mkukutu, Kibiti, mwanaakiolojia Profesa Felix Chami alifukua shanga za kale za kioo. Gofu liko wapi hapo?