Birika la udhu ni darasa



Ndugu wazazi, hapa Kampala bado kuna nyumba zinazomficha mtoto mwenye usonji, au kumzungusha kwa waganga zikidhani ni majini. Usonji ni namna ubongo unavyokua. Haukuletwa na malezi ya mama. Wengine wanangoja ada ya shule maalumu. Kwa nini tungoje?

Mafunzo ya walezi ya Shirika la Afya Duniani (WHO), yenye vikao 9 na ziara 3 za nyumbani kwa watoto wa miaka 2 hadi 9, hutumia michezo na kazi za kila siku za nyumbani. Sisi tuna udhu: mpangilio ule ule, mara kadhaa kwa siku. Mshike mkono umwongoze tangu viganja, na mwishoni mwachie mguu wa kushoto auoshe mwenyewe. Akiuweza, mwachie na wa kulia, kisha kichwa, mkirudi nyuma hivyo hivyo taratibu. Sema neno moja, "osha", halafu subiri. Anayechukia maji usoni aanze na kitambaa kibichi (hapa tunazungumzia mazoezi, si hukumu ya udhu).

Baba asiwahi msikitini akamwachia mama kazi yote. Nasi walimu wa madrasa tuelewe kuwa mtoto anayeziba masikio darasani kelele zinamuumiza, na fimbo haimfundishi kitu.

Magharibi ya leo wekeni birika pale pale lilipokuwa jana.

Wabillahi tawfiq.