Lenzi Ninayoipenda Sitaipeleka Burgao

Mwenzangu mmoja wa darasani alipoiona lenzi yangu mara ya kwanza aliniuliza: "Shilingi 75,000 kwa kupiga picha ndege ambayo hutaipanda? Si afadhali ungelipa karo?" Waliokuwa pale walicheka, nami nikacheka nao. Lakini swali lile halikunitoka, na insha hii ndiyo jibu langu. Nadai kwamba mtu aliye chini ana haki ya kumtazama aliye juu yake, na kwamba wanaoiita haki hiyo anasa ni wale ambao kwao ndege ni chombo cha safari tu. Kwetu sisi haijawa hivyo.

Kwetu ni Burgao, pwani ya kusini ya Somalia, kati ya Kismayu na mpaka wa Kenya, penye hori na mikoko. Ni nchi ya Wabajuni, wenye Kiswahili chao cha Kibajuni. Nyanya yangu aliondoka huko kwa mashua vita vilipochacha mwanzoni mwa miaka ya 1990, akafikia Mombasa, akaishi katika kambi ya Jomvu pamoja na Wabajuni wenziwe. Mimi nilizaliwa Kenya. Burgao naijua kwa masimulizi yake na kwa simu za jamaa waliobaki. Masimulizi ya nyanya ni ya bahari: kasa, nyavu, pepo za kusi na kaskazi. Simu za jamaa ni za angani.

Na si ajabu. Januari 2007 ndege ya kivita ya Marekani ilishambulia watu katika eneo la Ras Kamboni, kusini ya Burgao kuelekea mpakani. Oktoba 2011 majeshi ya Kenya yaliingia Somalia, na ndege zake za kivita zikawa zinapita juu ya pwani hiyo. Zikaja pia ndege zisizo na rubani. Ndege hizo zina kamera zenye lenzi ambazo yangu haifui dafu mbele yake. Kwa hiyo picha za mvuvi wa pwani ile zipo, zimepigwa kutoka juu, zimehifadhiwa katika ofisi asizozijua. Picha ya ndege iliyompiga yeye picha haipo. Ukimwuliza ilikuwa ya nani, atakwambia: "Ilikuwa ndege, mwanangu." Basi.

Sasa tuirudie lenzi yenyewe, maana wanaoikejeli hawajui inafanya nini. Yangu ni ya milimita 150 hadi 600, ya mtumba, uzito wake karibu kilo mbili. Kabla ya kulipa niliimulika kwa tochi ya simu nione kama imeota ukungu ndani ya vioo, ugonjwa unaoziua lenzi nyingi hapa pwani kwa sababu ya unyevu. Nilidhani nikishaipata nimemaliza kazi. Kumbe! Mwezi wa kwanza sikupata picha hata moja ya maana. Saa sita mchana lami ya uwanja hutoa mvuke wa joto unaoitikisa sura ya ndege, na hakuna lenzi, hata iwe ya bei gani, inayoweza kuutibu. Dawa yake ni kuamka alfajiri, au kuisubiri ndege ikaribie. Ndege ya jeti huitaka kamera ifumbe jicho haraka, sehemu moja ya elfu ya sekunde au chini ya hapo. Ndege ya mapangaboi ukiipiga kwa kasi hiyo, mapanga yatasimama kabisa na ndege itaonekana kama imeninginia hewani injini zikiwa zimezimwa. Ndiyo sababu unapunguza kasi na kuifuata kwa mwili mzima, kiuno kikizunguka taratibu. Nilijifunza subira ambayo sikuifunzwa darasani.

Lakini sikuinunua kwa ajili ya uzuri wa picha. Niliinunua kwa sababu lenzi ndefu husoma namba. Kila ndege ya kiraia ina namba ya usajili iliyoandikwa ubavuni au karibu na mkia, na namba hiyo ni jina lake. Huko Ulaya na Marekani, wapenzi wa ndege waliosimama nje ya viwanja walipiga picha ndege kama Gulfstream yenye namba N379P, bila kujua inabeba nini. Baadaye waandishi wa habari walilinganisha picha kama hizo na kumbukumbu za safari, wakaonyesha kwamba ndege hiyo ilitumiwa na shirika la ujasusi la Marekani, CIA, kusafirisha mahabusu kwa siri. Hobi ya watu walioitwa wapuuzi ikageuka ushahidi.

Msiseme hayo ni ya Wazungu. Mwanzoni mwa 2007 watu waliokimbia vita Somalia walikamatwa Kenya, wengine huko huko Kiunga, mlangoni mwa nchi ya Wabajuni. Januari 20, Januari 27 na Februari 10, zaidi ya watu 80, wakiwemo wanawake na watoto, walipakiwa katika ndege usiku na kupelekwa Somalia, na wengi wakaishia vizuizini Ethiopia. Tumejuaje? Kwa sababu watetezi wa haki za binadamu wa Kiislamu nchini Kenya walizipata orodha za abiria. Karatasi zile zisingepatikana, hadi leo tungekuwa tunabishana kama safari zile zilikuwepo.

Najua jibu litakalokuja, nalo ni zito: usalama. Januari 5, 2020, Al-Shabaab walivamia uwanja wa Manda Bay, Lamu, wakaua Wamarekani watatu na kuteketeza ndege. Baada ya siku kama ile, nani atamlaumu askari kwa kumshuku kijana mwenye lenzi ndefu? Simlaumu, na sidai ruhusa ya kupiga picha kambi ya jeshi. Ninachokataa ni kambi ya jeshi na uwanja wa abiria kupewa hukumu moja. Ndege za abiria zinafuatiliwa na mtu yeyote mwenye simu, ikiwemo namba, urefu na kasi. Kumfukuza mpiga picha aliye barabara ya nje hakufichi chochote.

Mimi mwenyewe nilisimamishwa nje ya uwanja mmoja. Mlinzi alikuwa na adabu mpaka nilipofungua kinywa. Aliposikia lafudhi yangu aliuliza: "Wewe ni Mkenya au Msomali?" Nilimwonyesha kitambulisho. Akanifutisha picha zote. Dakika chache kabla yangu mtalii alikuwa amepiga picha pale pale, akaagwa kwa mkono.

Hapo ndipo ulipo ugomvi wangu. Manchester, Uingereza, uwanja wa ndege umejengewa bustani maalumu ya watazama ndege, na mtu huketi na lenzi yake akinywa chai. Fujairah, mwaka 2015, Waingereza watatu waliokwenda kutazama ndege walikaa kizuizini takriban miezi miwili kabla ya kuachiwa. Na Baghdad, Julai 12, 2007, Namir Noor-Eldeen, mpiga picha wa Reuters mwenye umri wa miaka 22, alichungulia pembeni ya ukuta na lenzi yake ndefu. Waliokuwa katika helikopta ya Apache ya Marekani walidhani ni bomba la kurushia makombora. Walimwua yeye, mwenzake Saeed Chmagh na watu wengine kadhaa.

Kwa hiyo mkiniuliza kama nitaipeleka lenzi hii Burgao siku nitakayojaliwa kwenda, jibu ni hapana. Pale, bomba jeusi lililoelekezwa angani lingeweza kuniua mimi na jamaa zangu, kwa mkono wa aliye juu au wa aliye kichakani. Lakini msichukue hofu yangu kuwa hoja dhidi ya lenzi. Ikiwa wa Burgao hawezi kuinua kamera, basi sisi tulio Mombasa, Nairobi, Dar es Salaam na Unguja, tunaoweza, tuna deni kwake.

Nataka mambo mawili. Wenye viwanja vya abiria watuandikie, kwa Kiswahili na kwa maandishi makubwa, ni wapi pa kusimama na ni wapi pasiposimamwa, na sheria iwe ile ile kwa mtalii na kwa Mbajuni. Na nyinyi wenzangu muache kucheka. Jumamosi nitatoka saa kumi na mbili na nusu asubuhi, kabla lami haijapata moto. Aliyeniuliza lile swali namkaribisha. Nitamwazima lenzi, aisome namba mwenyewe.