Mwanamke Aandikapo Habari za Mwili Wake

Wako watu katika parokia zetu za Kolwezi, tena watu wema, wanaokunja uso wakimwona mama amekaa kibarazani akisoma maandishi ya mwanamke mwenziwe asimuliaye mambo yake mwenyewe: jinsi alivyooga, jinsi alivyojipaka manukato, alivyopenda, alivyozaa, alivyolia usiku. Husema, “Mambo ya chumbani hayaandikwi.” Husema tena ya kuwa mwandishi wa namna hiyo ana majivuno, kwa maana hana la kutufundisha ila nafsi yake. Sisi twasema watu hao wamekosea, na kosa lao katika mji kama huu wetu lina hasara kubwa kuliko wanavyodhani.

Na tushike kitabu kimoja mkononi, ili tusibishane hewani. Mwaka 1886 kilitoka huko Berlin, kwa lugha ya Kijerumani, kitabu cha kumbukumbu za Bibi Salme, binti wa Seyyid Said wa Unguja. Alizaliwa mwaka 1844. Siku zile binti za mfalme walifundishwa kusoma Kurani, lakini kuandika, hapana. Kalamu katika mkono wa mwanamke ilidhaniwa kuwa ni hatari. Salme akajifunza kwa siri, akinakili herufi juu ya mfupa wa bega la ngamia. (Na hao waliodhani hatari hawakukosea kabisa: nduguye Barghash alipofanya njama ya kutwaa kiti cha enzi mwaka 1859, karani wa njama hiyo alikuwa binti huyu wa miaka kumi na mitano.) Baadaye alimpenda Mjerumani mfanyabiashara, akatoroka Unguja mwaka 1866, akabatizwa na kuolewa Aden mwaka 1867, akahamia Hamburg. Mwaka 1870 mumewe aliuawa na ajali ya tramu, naye akaachwa na watoto watatu katika nchi ya baridi asiyoizoea.

Je, kwa nini kitabu hicho kinasomwa hata leo? Si kwa sababu ya siasa yake, maana makonsuli wa Ulaya waliandika siasa ya Unguja kwa mapana kuliko yeye. Kinasomwa kwa sababu ya mabafu ya jumba la Mtoni, na manukato yaliyojaa nguoni, na vito, na vyakula, na kelele za uani watu waamkapo. Msomaji anaingia nyumbani mwa mtu kwa milango yote mitano ya fahamu. Wanaume wengi wa Ulaya walikuwa wameandika habari za nyumba za namna ile bila kuingia hata ukumbini. Wakazijaza ndoto zao wenyewe. Huyu alizaliwa humo. Anaposema maji yalikuwa hivi na nguo zilikuwa hivi, tunamwamini, na tukisha kumwamini katika maji na nguo tunamsikiliza katika huzuni yake pia. Hapo ndipo penye mvuto wote wa maandishi ya namna hii. Mhubiri hutuomba tukubali kwanza, tuone baadaye. Mwanamke huyu hutuonyesha kwanza.

Lakini sisi watu wa Lualaba tuna swali ambalo msomaji wa Berlin hakuliuliza. Nani aliyechota maji yale? Nani aliyezifukiza nguo zile? Bibi Salme hafichi: nyumba ya babaye ilijaa watumwa, na katika kitabu chake aliutetea utumwa, akiwakaripia Waingereza kwa kuukomesha. Na biashara iliyoitajirisha Unguja iliingia mpaka huku kwetu. Msiri wa Bunkeya, ambako leo ni katika jimbo letu hili la Lualaba, alipeleka shaba na pembe na watu, njia ya pwani. Labda mikono iliyommiminia binti mfalme maji ilikuwa mikono ya dada zetu. Wao hawakupata mfupa wa ngamia wala wino. Hatujui maji yale yalikuwa baridi kiasi gani mikononi mwao.

Mwenye kukunja uso asikimbilie hapa kusema, “Mnaona? Kitabu cha anasa kimeficha dhambi.” Hapana! Hakikuficha, kimeonyesha. Ni kwa sababu Salme alieleza raha yake kwa undani hata tunaweza kuuliza gharama yake ililipwa na nani. Angaliandika kitabu cha mawaidha tu, tusingaliona hata ndoo.

Sasa twende kwenye neno la aibu. Tunaambiwa ya kuwa mwili si jambo la Mkristo kuliandika. Basi na wafungue Biblia Takatifu katika Wimbo Ulio Bora. Anayeanza kunena pale ni mwanamke, na jambo la kwanza analolitaka ni busu. Kisha anasema juu ya ngozi yake, jinsi jua lilivyoiunguza, kwa sababu wana wa mamaye walimpeleka kulinda mashamba ya mizabibu. Mapenzi na kazi ya jua kali katika kinywa kimoja! Kanisa limekisoma kitabu hicho karne baada ya karne, na mafumbo mazito limeyaona ndani yake, lakini halikukifuta.

Au tumchukue mtawa ambaye picha yake imo katika nyumba nyingi za waamini. Mtakatifu Tereza wa Mtoto Yesu alikufa tarehe 30 Septemba 1897, naye ana miaka ishirini na minne tu. Mwaka uliofuata madaftari yake yalichapishwa, yakapendwa mno. Katika madaftari yale ameeleza mtawa aliyemrushia maji machafu wakati wa kufua, na mwingine aliyemsumbua kwa kelele ndogo kanisani. Ameeleza usiku wa kuamkia Ijumaa Kuu ya mwaka 1896, alipohisi kitu kikimpanda mpaka midomoni, asiwashe taa, akangoja asubuhi ndipo aone kwamba ni damu. Hayo yote ni mwili! Lakini kilichochapishwa kwanza kilikuwa kimesafishwa na dada yake wa damu, mtawa mwenziwe, aliyegeuza maneno mahali pengi sana, kwa nia njema. Ilibidi kungoja mpaka mwaka 1956 madaftari yatolewe kama Tereza mwenyewe alivyoyaandika. Je, imani ya mtu ilivunjika? Mwaka 1997 Papa Yohane Paulo wa Pili alimtangaza kuwa Mwalimu wa Kanisa.

Hatusemi kwamba kila karatasi yenye kutaja mwili ni nzuri. Vitabu vichafu vipo, na picha chafu zimejaa katika simu za vijana. Tena ni rahisi kuvitambua: ndani yake hakuna anayechoka. Hakuna anayefua, hakuna mtoto anayelia, hakuna aliye na mama, wala hakuna asubuhi. Mwili umekatwa kutoka katika maisha kama nyama inavyokatwa buchani. Maandishi tunayoyatetea hayafanani na hayo hata kidogo, na wale wanaoyatupa katika pipa moja wanawaachia wachuuzi wa uchafu kazi ya kuwafundisha watoto wetu mwili ni kitu gani.

Tena wamesahau historia ya mji wao. Padre Placide Tempels, Mfransisko wa Ubelgiji, mtungaji wa kitabu juu ya falsafa ya Kibantu cha mwaka 1945, alikuja mwaka 1953 kufanya kazi kati ya wafanyakazi wa Union Minière hapa Kolwezi. Ndipo ilipozaliwa Jamaa. Mafundisho yake yalikuwa ya Kiswahili, na maneno yake makuu matatu: uzima, uzazi, mapendo. Walipita njia ile mume na mke pamoja, wakajifunza kufunguliana moyo, na mama alisikilizwa hata alipoeleza ndoto zake. Katika miaka ya 1970 maaskofu waliona hatari katika baadhi ya mambo yale, wakaweka makatazo; hatuingii katika shauri hilo leo. Tunaloliona ni hili: akina mama wa Kolwezi walikwisha kusema juu ya mapendo na uzazi, kwa Kiswahili, mbele ya padre, na mbingu haikuanguka. Ila walisema tu, wengine wakaandika. Kitabu kijulikanacho sana juu ya Jamaa, cha mwaka 1971, ni cha Johannes Fabian, mtaalamu wa Kijerumani.

Mwili wa mwanamke wa Kolwezi umeandikwa sana, lakini si na yeye. Union Minière iliwapima watoto wake kwa mizani na kuhesabu mimba katika madaftari ya kampuni, kwa maana ilihitaji wafanyakazi wa kesho. Leo zaidi ya nusu ya kobalti ya dunia nzima inachimbwa katika Kongo yetu, na ripoti zimekuwa nyingi. Mwaka 2016 Amnesty International ilieleza jinsi watu wa huku, wanawake pamoja nao, wanavyoosha na kuchambua mawe yenye madini. Mwaka 2018 wataalamu wa Lubumbashi na wa Leuven walichapisha vipimo vya watu wa mtaa wa Kasulo, ambako tangu 2014 watu walichimba kobalti chini ya nyumba zao wenyewe. Kobalti ilionekana kwa wingi katika damu na mkojo, hasa wa watoto. Ni kazi ya maana, nasi twawashukuru. Lakini ndani yake mama ni kipimo cha mkojo.

Mama anayesimama majini tangu asubuhi akiosha mawe ajua mambo yasiyopimwa katika chupa. Ajua jinsi ngozi ya vidole inavyolainika hata haihisi tena chumvi. Ajua harufu ya bulongo isiyotoka katika kikwembe hata siku ya Jumapili, na jinsi anavyojipaka mafuta mara mbili kabla ya misa. Ajua kwamba huambiwa asikaribie shimo, eti mwanamke hufukuza madini, hali mawe yote yaliyotoka shimoni hupitia mikononi mwake. Ajua mumewe anavyoigusa mikono ile usiku, au anavyoacha kuigusa. Nani mwingine atatuandikia hayo? Na yakiandikwa, tutamwambia ni mambo ya chumbani?

Wengine hujitetea kwamba hawajui Kiswahili safi. Hiyo si hoja. Mwaka 1965 André Yav, kwa niaba ya waliokuwa maboi wa Wazungu, aliandika habari za mji wa Elisabethville kwa Kiswahili cha Katanga kama kinavyosemwa, bila kujali sarufi ya pwani; mwaka 1990 maandishi hayo yakachapishwa ng’ambo pamoja na tafsiri, na wataalamu wanayasoma mpaka leo. Basi mama aliyekula bukari aandike bukari, asiandike ugali ili kutupendeza sisi. Daftari la shule latosha kuanzia. Na mume asilifungue mpaka apewe ruhusa.