Mwacheni Mwanamume Akunje Ndita!

Nimeshika kalamu kubishana, na nabishana na watu ninaowapenda: vijana wenzangu wa tizi. Wale wanaobeba vyuma jioni na wale wanaokimbia alfajiri kabla jua halijachomoza. Siwaonei gere kwa miraba minne yao. Ugomvi wangu ni huu mtindo uliotoka Marekani na Uingereza, ambao sasa unatangazwa mpaka kwenye kliniki za urembo za Nairobi na Dar es Salaam. Mwanamume mzima, mwenye pumzi za kukimbia kilomita kumi, anaketi kitini na kuchomwa sindano za paji la uso ili asiweze kukunja ndita! Wamarekani wenyewe wameutungia jina la utani, Brotox, yaani Botox ya washikaji.

Nasema huo ni upuuzi. Tena nasema sisi tunaojifunza kuandika tuna sababu yetu ya kuukataa kabla ya wengine wote.

Kwanza tujue kilichomo ndani ya sindano. Ni sumu. Sitii chumvi, jamani: ni sumu ya botulini, inayotolewa na bakteria wale wale wanaoweza kumuua mtu aliyekula chakula cha kopo kilichoharibika. Na kwa taarifa yenu waandishi chipukizi, mtu aliyeichambua kwa makini hapo zamani alikuwa mwenzetu. Justinus Kerner, daktari wa Kijerumani, alikuwa pia mshairi. Katika miaka ya 1820 aliandika habari za watu waliokufa kwa kula soseji mbovu, dalili moja baada ya nyingine, akafika hadi kuionja sumu yenyewe. Mshairi bwana! Akabashiri kuwa huenda siku moja ikawa dawa.

Na dawa ikawa. Daktari Alan Scott wa San Francisco aliitumia kwa wenye makengeza, na mwaka 1989 Marekani ikaikubali kwa makengeza na kwa kope zinazojifumba zenyewe. Mwaka 2010 ikakubaliwa kwa wanaosumbuliwa na kipandauso siku nyingi za mwezi. Hapo sina neno. Mtu anayeteseka mpeni sindano, na aliyeivumbua apate thawabu zake.

Urembo uliingilia mlango wa uani. Mke na mume wa Vancouver, Kanada, Jean na Alastair Carruthers, mama akiwa daktari wa macho na baba daktari wa ngozi, waliona kwamba wagonjwa wa kope wakichomwa, ndita nazo zinapotea. Wakachapisha habari hiyo mwaka 1992. Miaka kumi baadaye, 2002, Marekani ikaruhusu rasmi sindano za kuondoa ndita. Kazi yake ni rahisi kueleza: neva huuamuru msuli ujikunje, na sumu hii inaikata amri njiani. Msuli haufi, unalala tu. Baada ya miezi mitatu minne unaamka, nawe unarudi na mshiko wako kuulaza tena.

Sasa nionyesheni akili iko wapi hapo. Mtu anafanyisha kazi kila msuli mpaka unatetemeka: mkono, paja, tumbo, mgongo. Msuli mmoja tu, huu mdogo wa katikati ya nyusi, anaulipia ulale. Na kwa kuwa misuli ya uso ya wanaume ni minene kuliko ya wanawake, kwa kawaida yeye huhitaji dawa nyingi zaidi, maana yake hela nyingi zaidi. Akishachomwa anaambiwa asifanye mazoezi mazito siku hiyo. Kisha ananong'onezwa kwamba wanaofanya sana mazoezi dawa huwaishia upesi, jambo ambalo madaktari wenyewe hawajakubaliana. Yaani: umetoka jasho uso umechakaa, choma, umechoma, usitoke jasho, umetoka jasho dawa imeisha, choma! (Na dawa hiyo hiyo huchomwa kwapani kuzuia jasho kwa wale wanaolowa kupita kiasi. Mtu wa tizi asiye na jasho! Ningemweka kwenye riwaya, msomaji angenitupia kitabu.)

Ati mazoezi yanazeesha uso. Kinachokunja ngozi ya mkimbiaji ni jua, na sisi weusi ngozi zetu hukawia kuonyesha madhara hayo. Mashavu yanayobonyea ni mafuta yaliyopungua, na sindano hii haijazi shavu la mtu. Kimbia mapema, vaa kofia, basi.

Watanijibu: mwili ni wake, wewe yakuhusu nini? Na wengine, hasa wa huko ughaibuni, wanasema ukweli unaouma: wanaogopa kazini. Mwenye miaka 50 anaona vijana wa miaka 30 wanapandishwa cheo, naye akijitazama kwenye kioo anaona ndiye wa kupunguzwa. Huyo simcheki. Lakini kama bosi anafukuza watu kwa makunyanzi, anayehitaji tiba ni nani? Zamani mzee alijitetea kwa kusema ng'ombe hazeeki maini. Siku hizi anatakiwa athibitishe kwa ngozi.

Kinachonitia hofu ni rika letu. Jirani yangu mmoja, tuliyemaliza naye kidato cha nne, ana miaka 25 na uso laini kama yai. Anadunduliza hela. Ameambiwa achome sasa hivi, kabla ndita hazijatokea, eti kinga. Kinga ya nini, nikamuuliza, ya kuwa baba wa mtu? Na tusisahau vichochoro. Aprili 2024 huko huko Marekani serikali ilitoa onyo baada ya watu kulazwa hospitali kwa kuchomwa Botox bandia au na watu wasio na leseni. Kama kwao inatokea, sisi ambao mkorogo unauzwa hadharani tutapona?

Lakini hiyo yote madaktari wangeweza kuisema. Hili la mwisho ni letu.

Baba yangu ni fundi mwashi. Ana ndita mbili katikati ya nyusi, zilizochimbwa na jua, saruji na kodi ya nyumba. Nilizisoma kabla sijajua kusoma herufi. Zikiwa zimesimama wima, usiombe hela ya daftari. Zikilegea upande mmoja, ana jambo la kuchekesha analificha. Siku aliposikia matokeo yangu ya mtihani hakusema neno hata moja. Zilijikunja, zikakunjuka, zikajikunja tena, nikaelewa kwamba ameumia na kwamba amenisamehe. Nani angeniandikia hilo kwa maneno? Angalieni Kiswahili chenyewe: kukunja uso, kukunjua uso, kununa, kubetua midomo, kukodoa macho, kujikausha. Lugha nzima imejaa nyuso zinazotembea. Tukizigandisha nyuso, tutakuwa tunaandika habari za nini?

Na msomaji naye je? Mwaka 2010 watafiti wa Marekani, David Havas na wenzake, walichapisha jambo lililoninyima usingizi. Waliwachukua wanawake waliokuwa wanakwenda kuchomwa ndita kwa mara ya kwanza, wakawapa sentensi wasome kabla ya sindano na wiki mbili baada yake. Sentensi za furaha walizisoma kwa kasi ile ile. Za hasira na za huzuni ziliwachelewesha. Tofauti ilikuwa ndogo sana, na hawakuwa wanaume wa vyuma. Sawa. Lakini inaonyesha kwamba tunaposoma huzuni, paji la uso nalo linasoma! Msuli ule mdogo unajikunja kidogo, na kujikunja kwake kunatusaidia kuelewa. Mimi nakesha na koroboi ili mtu nisiyemjua, ndani ya daladala, akunje uso kwa ajili ya mtu ambaye hajawahi kuwepo. Halafu mwenye kliniki anakuja kumlipisha msomaji wangu ili asiweze!

Riwaya yangu imo kwenye madaftari manne, na sura ya tisa ni ya mazishi. Nimeiandika upya mara kumi na moja. Yule jirani yangu nimempa aisome kabla hela zake hazijatimia. Mpaka leo hajalirudisha daftari.