Mlima na bahari visiachiwe wageni pekee

Kila muhula wa pili ufikapo, barabara zetu kuu hujaa mabasi ya shule. Basi huondoka saa tisa za usiku, wanafunzi wakiwa wamesinzia vitini, na hufika kwenye lango la mbuga jua likiwa limekwisha kupanda. Hapo watoto hukodoa macho dirishani kwa saa mbili au tatu, wakamwona nyati kwa mbali, wakala mkate na soda, kisha dereva akapiga honi. Saa nne za usiku wazazi wamesimama langoni pa shule wakiwa na wasiwasi. Wiki ifuatayo mwalimu hupokea insha arubaini kuhusu ziara hiyo, na zote arubaini zafanana kama maji na maji.

Je, hiyo ndiyo ziara ya elimu? Maoni yangu ni kuwa hiyo ni mbio, wala si ziara. Wahenga walisema kusikia si kuona, lakini hata kuona kwenyewe kuna daraja zake. Anayepita mahali kwa saa mbili hakupaona kama anavyopaona yule aliyelala hapo, akasikia upepo wa usiku na kuamkia umande wa alfajiri. Ndiyo sababu nasema kwamba umefika wakati wa shule zetu kuacha safari za siku moja na kuwapeleka wanafunzi kambini, wakalale hemani milimani na pwani, katika hifadhi ambazo ni mali yao kama ilivyo mali ya taifa zima.

Nasema haya kwa sababu yalinipata. Miaka kadhaa iliyopita nilifundisha Jiografia katika shule moja iliyo chini ya Mlima Kenya. Siku moja nilikuwa nikichora ubaoni bonde lililochongwa na barafu, chaki mkononi, na kupitia dirisha la darasa kilele chenyewe kilikuwa wazi bila wingu. Niliwauliza wanafunzi ni wangapi waliowahi kupita lango la hifadhi ile. Katika darasa la watu arubaini, mikono miwili tu iliinuka. Mmoja alikuwa kijana ambaye babake alikuwa mpagazi wa kuwabebea watalii mizigo. Nilishikwa na haya. Nilikuwa nikiwafundisha mlima wao kwa picha za vitabu vilivyopigwa chapa mbali.

Muhula huo tuliazima mahema, tukapanda na wanafunzi ishirini na watatu kwa njia ya Naro Moru hadi kituo cha hali ya hewa, kiasi cha mita 3,050 juu ya usawa wa bahari. Hatukuthubutu kwenda mbali zaidi. Tulilala siku mbili. Huko nilimwona yule mwana wa mpagazi, ambaye darasani alikuwa mkia na hakufungua kinywa ila kwa kulazimishwa, akiwaonyesha wenzake jinsi ya kukaza kamba za hema na kuchimba mfereji wa kuzuia maji ya mvua. Aliwaeleza mahali msitu wa miti mikubwa unapokoma na mianzi kuanza, na kile kilicho mbele ya mianzi, yaani nyika ya baridi yenye majani ya vishungi na mimea ya lobelia iliyo mirefu kuliko mtu. Siku hizo mbili mwalimu alikuwa yeye, nami nikawa mwanafunzi. Tuliporudi darasani hakuwa wa kwanza katika mtihani, wala sitadai hivyo. Lakini alianza kuinua mkono.

Mgala muue na haki yake mpe. Sharti niseme pia kosa nililotenda. Niliidharau baridi. Usiku wa kwanza mablanketi hayakutosha, na msichana mmoja alitetemeka hadi tukaogopa. Tulimweka kati ya wenzake wawili, tukamnywesha chai moto hadi kukapambazuka. Hakupatwa na jambo, lakini sikupata usingizi, na tangu siku hiyo sijapanda tena bila ya kuhesabu mablanketi mara tatu. Kambi haina mzaha, na mwalimu asiyejiandaa asiwachukue watoto wa watu.

Yafaa ikumbukwe kuwa mlima huu si wa wageni tangu zamani. Vilele vyake vitatu vikuu, Batian wenye mita 5,199, Nelion wenye mita 5,188 na Lenana wenye mita 4,985, vimepewa majina ya malaibon wa Kimaasai. Wakikuyu wauita Kirinyaga na kuuheshimu kama maskani ya Ngai. Ni kweli kuwa Halford Mackinder, Mwingereza, ndiye aliyeandikwa katika historia kuwa wa kwanza kufika Batian, mwaka 1899. Hata hivyo, usiku wa Uhuru, Desemba 1963, ni Mkenya Kisoi Munyao aliyeipandisha bendera yetu juu ya Lenana. Ni ajabu iliyoje, basi, kwamba wanafunzi wengi waishio chini ya mlima huo huujua kwa kalenda tu, hali wageni waliovuka bahari huupanda kila mwaka!

Hali ya Pwani haina tofauti. Hifadhi za bahari za Malindi na Watamu ziliwekwa mwaka 1968, zikawa za kwanza nchini. Humo mna matumbawe, samaki wa kila rangi, na fuo ambazo kasa hupanda usiku kutaga mayai. Si mbali na hapo pana msitu wa Arabuko-Sokoke, ulio mkubwa kuliko misitu yote ya pwani iliyosalia katika Afrika Mashariki, wenye ukubwa wa kilomita za mraba 420 hivi. Lakini nimekutana na vijana wa Pwani waliozaliwa wakiusikia mvumo wa mawimbi na ambao hawajawahi kuinamisha uso majini wakaliona tumbawe lililo hai. Aidha, sehemu kadhaa za ufuo zimezungushiwa kuta, na vichochoro vilivyokuwa njia ya umma kwenda baharini vimezibwa. Mtoto wa mvuvi anapotakiwa kuzunguka kuta za watu ili aguse maji aliyozaliwa nayo, tumemfundisha nini kuhusu nchi yake?

Kuna faida nyingine ambayo kitabu hakiwezi kuitoa. Mlima na bahari vimeunganishwa na mito. Maji ya mteremko wa Mlima Kenya huingia Tana, yakazungusha mitambo ya umeme katika mabwawa ya Masinga, Kamburu, Gitaru, Kindaruma na Kiambere, kisha yakamwagika katika Bahari ya Hindi. Vivyo hivyo, Mto Nairobi huingia Athi, nao Athi hubadilika majina njiani hadi ukaitwa Sabaki unapofika karibu na Malindi. Msimu wa mvua mto huo huleta udongo mwekundu wa mashamba ya bara hadi baharini, na udongo huo huyadhuru matumbawe. Mwanafunzi wa Machakos akisimama ufuoni Malindi akayaona maji mekundu, akaelezwa kuwa huenda udongo ule umetoka shambani kwa babu yake, hatahitaji hotuba juu ya kuchimba matuta. Vilevile, anayeiona barafu ya Lewis, iliyokuwa pana siku za Mackinder na sasa imeyeyuka sehemu yake kubwa, ataelewa mabadiliko ya hali ya hewa kuliko aliyeyakariri kwa ajili ya mtihani.

Najua watakaonipinga, na hoja zao si za kupuuzwa. Watasema kwanza kuwa gharama ni kubwa. Ni kweli kwamba mzazi anayetatizika kulipa karo hawezi kuongezewa mzigo mwingine. Lakini tufanye hesabu kwa uaminifu. Katika ziara ya mbio, fedha nyingi hulipia basi la kwenda mbali. Je, kwa nini shule ya Nyeri iende Mombasa kwa siku moja hali mlima uko mlangoni pake? Kwa nini shule ya Kilifi ije Nairobi kuona majumba hali Watamu i karibu? Tuanze na kilicho jirani. Mahema ni ghali kwa shule moja, lakini si ghali kwa kaunti nzima. Kaunti ikinunua mahema hamsini na kuyaazimisha kwa zamu, yatawafaa wanafunzi wengi kwa miaka mingi.

Watasema pili kuwa kuna hatari. Hilo halina ubishi. Lakini basi linalokimbia usiku likiwa na dereva aliyechoka ni hatari pia, ila tumeizoea. Hatari ya kambi hupunguzwa kwa maarifa. Mlimani, wanafunzi wasipelekwe Lenana kwa pupa. Waishie kambi za chini, wapande polepole, na anayeumwa kichwa na kutapika ateremshwe mara moja badala ya kuhimizwa ajikaze. Miezi ya mvua ya masika na ya vuli iepukwe. Baharini, mwalimu ajue majira ya maji kujaa na kupwa, atofautishe bamvua na maji mafu, na awaulize wavuvi wa hapo kabla ya kuwaulizia wengine. Asiingie majini mtoto asiyevaa jaketi la kuokolea. Wasichana wawe na mahema yao na mwalimu wa kike, na kila mzazi atoe idhini kwa maandishi.

Watasema tatu kuwa wanafunzi wataharibu mazingira. Nami najibu kuwa anayeharibu ni yule ambaye hakufunzwa. Tangu Juni 2020, plastiki za kutumiwa mara moja na kutupwa zimepigwa marufuku katika hifadhi zetu. Sheria hiyo ni somo zuri kwa kijana anayefunga chakula chake cha safari. Afunzwe kurudi na taka zake zote, asikanyage matumbawe, asiokote kombe wala kuchuma ua.

Basi nini kifanywe? Shirika la Huduma kwa Wanyamapori litenge viwanja vya kambi kwa ajili ya wanafunzi, siku za kazi na nje ya msimu wa watalii, kwa ada ambayo hata shule ya kutwa ya kijijini itaimudu. Vyuo vya walimu vimfunze kila mwanagenzi kusimamisha hema na kumhudumia mgonjwa porini, kwani mtaala wa umilisi unadai vitendo, na mwalimu hawezi kutoa asichokuwa nacho. Serikali za kaunti zifungue njia za umma za kwenda ufuoni. Na shule isiyo na uwezo ianze uwanjani pake mwenyewe: usiku mmoja, mahema machache, mwalimu akiwaonyesha watoto nyota. Maskauti wetu wamefanya hivyo kwa miaka mingi bila ya makuu.

Nanyi wanafunzi, msingoje kusukumwa. Undeni chama, wekeni akiba kidogo kidogo, mwendeeni mwalimu mkuu kwa heshima na mpango ulioandikwa. Waswahili hunena samaki mkunje angali mbichi. Tukiwalea watoto wasioujua mlima wao wala bahari yao, tusishangae siku watakapokua na kuviuza bila ya kujuta. Hakuna alindaye nyumba ambayo hajawahi kulala ndani yake.