Usituulize Kama Atashinda

Ndugu zangu wa hapa Maryland na kwingineko ughaibuni, miaka imepita lakini donge hili halijanishuka. Uchaguzi wa rais wa 2028 tayari umeanza kutajiwa majina, kwa hiyo naona bora niliteme sasa.

Mwaka 2007 nilikuwa nakaa Bladensburg, kwenye majengo ya kupanga nyuma ya Annapolis Road, nikibeba maboksi usiku kama wengi wetu. Jumamosi mchana nilikuwa nashinda kwa kinyozi. Pale palikuwa na bunge kamili: Wakenya, Watanzania, Mkongo mmoja wa Bukavu, Waliberia, na wazee wa Kimarekani weusi waliozaliwa hapohapo Prince George's. Hoja ilikuwa moja tu. Barack Obama, seneta wa Illinois ambaye baba yake alitoka Kogelo, Siaya, alikuwa ametangaza kugombea urais Februari 10 mwaka ule. Na magazeti yaliyokuwa mezani kwa kinyozi yalikuwa yameshatoa hukumu. Bado mgeni. Hana mtandao. Hillary Clinton anamwacha kwa zaidi ya pointi 20 katika utafiti wa maoni wa taifa zima. Gavana wetu Martin O'Malley alikuwa upande wa Clinton, Seneta Barbara Mikulski vilevile, hata John Lewis, mkongwe wa mapambano ya haki za weusi, alikuwa huko. Kana kwamba hayo hayatoshi, waandishi wakazusha swali la ajabu, eti huyu ni mweusi wa kutosha?

Sisi pale kijiweni tulizimeza habari hizo zote. "Hawampi," tulisema, tukanyolewa, tukaenda zetu. Nami nilikuwa mmoja wao, tena wa sauti kubwa.

Sasa kulikuwa na mama mmoja wa Mombasa, raia wa Marekani wa miaka mingi, kazi yake kuwahudumia wazee majumbani mwao. Alikuwa anamleta mjukuu wake kunyolewa. Siku moja akaniambia, "Mwanangu, Jumamosi ijayo tunapita nyumba kwa nyumba kumwombea Obama. Nataka kijana wa kupanda ngazi, magoti yangu hayawezi." Nikamshika shikamoo nyingine ya heshima, kisha nikamsomea yote niliyoyasoma gazetini: pointi 20, O'Malley, mtandao. Akaningoja nimalize. "Sikukuuliza kama atashinda, baba. Nimekuuliza kama utakuja Jumamosi."

Nilikwenda, kwa aibu zaidi kuliko kwa imani. Sikuwa na kura popote. Hapa nilikuwa na kadi ya kijani tu, na Tanzania haijawahi kutuwekea sanduku la kura sisi tulio nje. Lakini sheria ya hapa haimkatazi mtu kama mimi kujitolea bila malipo, basi nikajitolea miguu.

Ngazi zile zilinifundisha kitu ambacho magazeti hayakuwa yamenifundisha. Maryland mchujo wa chama ni wa wanachama wake. Ukijiandikisha kupiga kura bila kutaja chama, siku ya mchujo wa Democrat huna karatasi ya rais, na tarehe ya kubadilisha hupita mapema kabla ya siku yenyewe. Tulikuta watu wangapi wa namna hiyo! Waafrika wenzetu hasa, waliopata uraia wakaogopa kuandika chama, maana walikotoka jina la chama kwenye karatasi ya serikali linaweza kukuponza. Mzee mmoja alitufungulia mlango akicheka kwa furaha, akatuonyesha kadi yake, mama akaisoma, akakaa kimya. Mzee alikuwa na hamu yote duniani ya kupiga kura ile, na hakuwa nayo. Katika makala zote nilizosoma miezi ile juu ya nani yuko mbele, sikukumbuka hata moja iliyonieleza jambo hilo.

Ndiyo shutuma yangu hiyo kwa waandishi wa habari za uchaguzi. Wanakuwa kama mtangazaji wa mashindano ya ngalawa: huyu katangulia, yule kashika upepo, huyu tanga limepasuka. Kwenye mashindano hakuna ubaya, ngalawa hazina shehena. Uchaguzi una shehena. Halafu ukiwauliza wanajibu kwamba wao wanaripoti tu. Si kweli. Ukimwambia msomaji kila asubuhi kwamba mtu fulani hawezi, msomaji atabana senti yake, atabana Jumamosi yake, na mtu yule kweli hataweza. Kisha utaandika kwamba ulisema.

Tena hawakuanza na Obama. Mwaka 1972 Shirley Chisholm, mwanamke mweusi wa kwanza kuchaguliwa katika Baraza la Wawakilishi, aligombea urais akafanywa kioja cha msimu. Alifika mkutano mkuu wa chama akapata kura 152 hivi za wajumbe. Mwaka 1988 Jesse Jackson alipata kura karibu milioni 7 katika mchujo, na bado swali lililorudiwa mwaka mzima lilikuwa, Jesse anataka nini? Jamani! Mtu anayegombea urais anataka nini?

Atakayesema kwamba walikuwa na chuki na mtu mmoja, nitampinga. Januari 3, 2008, Obama alishinda Iowa. (Usiku ule wengi wetu tulikuwa na sikio moja kwenye televisheni na jingine kwenye simu, tukiwatafuta ndugu wa Eldoret na Kisumu, maana Kenya ilikuwa inawaka kwa sababu ya kura za Desemba 27, na ule utani kwamba Mjaluo ataingia Ikulu ya Washington kabla ya ya Nairobi ulikuwa umeanza kuuma.) Baada ya Iowa, haohao waliomzika Obama wakageuka wakamzika Clinton. Siku tano baadaye, New Hampshire, Clinton alifufuka kaburini, kinyume cha utafiti wa maoni. Walikosea kwake kama walivyokosea kwa mwenzake. Ugonjwa uko kwenye swali lenyewe.

Februari 12 ikafika zamu yetu. Jioni ilinyesha mvua ya barafu, barabara zikawa kioo, hakimu akaongeza muda wa kupiga kura Maryland hadi saa tatu na nusu usiku. Obama alipata takriban asilimia 60 ya jimbo. Siku hiyohiyo, katika wilaya ya 4 ya uchaguzi inayochukua sehemu kubwa ya Prince George's, Donna Edwards alimwangusha Albert Wynn, mbunge tangu 1993, ambaye mwaka 2006 alikuwa amemshinda kwa tofauti ndogo. Pale kwa kinyozi kila mtu alikuwa amejua tangu zamani.

Sitaki kuwadanganya kwamba kila anayedharauliwa atashinda. Ron Paul, kwa upande wa Republican, alichangiwa zaidi ya dola milioni 4 kwa siku moja, Novemba 5, 2007, na wakereketwa wake walikuwa na moto kuliko sisi. Hakushinda jimbo hata moja. Waandishi walibahatisha sawa juu ya mwisho wake, lakini alipinga vita vya Iraq ndani ya chama kilichovianzisha, na hilo lilistahili kujadiliwa ashinde asishinde.

Na sisi je? Hapa ndipo donge lenyewe lilipo. Tulipowageuka waandishi tulibeba swali lao lilelile, tukalijibu kwa kelele tu: atashinda! Sikumbuki Jumamosi hata moja pale kijiweni mtu aliyeuliza atatufanyia nini sisi wa makaratasi. Obama aliahidi muswada wa uhamiaji katika mwaka wake wa kwanza. Haukupita mwaka wa kwanza wala wa nane. Vijana walioletwa wakiwa watoto walipata nafuu ya DACA Juni 2012, ndiyo, lakini mwaka huohuo wa fedha serikali yake iliwarudisha makwao watu zaidi ya 400,000. Kinyozi mmoja wa pale hakuonekana tena. Aliyekuwa anatunyoa, anatusikiliza tukipiga hesabu za Ohio.

Mwanzoni mwa 2025 Zohran Mamdani, mzaliwa wa Kampala, alipewa asilimia 1 katika utafiti wa maoni wa umeya wa New York, na Novemba akachaguliwa. Simu zilizonijia miezi ile kutoka kwa ndugu zetu ziliuliza jambo moja, nanyi mnalijua.

Mama wa Mombasa ni mzee sasa, ngazi hapandi kabisa. Bado ananiita. Safari hii anataka nimsaidie kupiga simu kwa waliopata uraia karibuni, kuwaomba watoe kadi zao za mpiga kura wasome mstari wa chama. Nimechukua majina 30. Mwenye nafasi Jumamosi achukue mengine.