Tiba ya Meno ya Watoto: Haja Ipo, Ajira I Wapi?

Kila yanapotangazwa matokeo ya KCSE, wazazi huwahimiza wana wao waliofaulu kusomea udaktari, wakiamini kwamba hapo ajira haina shaka. Imani hiyo yafaa kupimwa, hususan kwa anayetamani kutibu meno ya watoto.

Safari yenyewe ni ndefu: miaka 5 ya shahada ya kwanza, mwaka 1 wa mafunzo ya kazini, kisha miaka 3 ya uzamili. Mgomo wa madaktari wa 2024, uliodumu siku 56, ulidhihirisha kwamba hata nafasi na malipo ya mafunzo hayo ya kazini hupatikana kwa mvutano.

Je, wagonjwa hawapo? Wapo tele. Ila tumeyaita meno hayo "ya utoto", na jina limetupumbaza tukadhani si kitu, yatang'oka tu. Kumbe magego ya utoto hukaa kinywani hadi mtoto atimizapo miaka 10 au 12. Gego likioza akiwa na miaka 5, atayala maumivu pamoja na chakula kwa miaka mingi.

Hata hivyo, maumivu ya mtoto hayaundi ajira pasipo mwajiri. Wazazi wawezao kulipa wako mijini zaidi, na huko ndiko wataalamu wakimbiliako. Tangu 2013, hospitali nyingi za umma zimo mikononi mwa kaunti. Nazo ndizo zipaswazo kutenga nafasi hizo katika bajeti. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.